Programu za kisomo Kasulu na Kibondo: Gharama iko kwingine

MFANYABIASHARA anayetaka kuingiza vifaa vya kisomo cha watu wazima katika wilaya za Kasulu na Kibondo hana haja ya kutenga mtaji mkubwa kwa ajili ya programu. Nyingine za Kiswahili zinapatikana bure.

Mwezi Mei 2019 shindano la XPRIZE liligawa dola milioni 10 za Marekani kwa washindi wawili, Kitkit School na onebillion, baada ya programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kujaribiwa katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga. Vishikwambi vilichajiwa kwa umeme wa jua, na programu zilizofika fainali ziliachwa huria, yeyote azichukue.

Kasoro ni moja, nayo ni kubwa. Zilitengenezwa kwa ajili ya watoto. Mama anayeuza maharage sokoni, ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kiha, hesabu ya fedha anaijua kichwani kuliko mwalimu wake. Asichokiweza ni kusoma mzani, stakabadhi na ujumbe wa fedha kwenye simu. Akimpa mtu simu amsomee salio, mara nyingi humpa na namba ya siri. Akishindwa kusoma kilo, atauza lumbesa kwa bei ya gunia la kawaida. Mtu huyu hatakaa jioni nzima akiimba herufi na katuni.

Jambo hili lilijulikana zamani. Mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza mwaka 1968 Kanda ya Ziwa ulitumia vitabu vilivyofundisha kusoma kupitia pamba na ndizi, yaani kazi za wasomaji wenyewe. Programu inayofaa kununuliwa leo ni ile inayomruhusu mwalimu kuingiza maneno yake: debe, kilo, mihogo, deni, salio.

Kabla ya kulipa, mnunuzi azime intaneti kisha awape kifaa wanafunzi watatu. Programu inayodai bando kila somo irudishwe. Ajaribu pia sauti yake mahali penye kelele, maana darasa la jioni mara nyingi huwa na watoto wachanga ndani.

Fedha nyingi zitakwenda kwenye vifaa, fundi na chaji. Gridi ya taifa ilifika Kasulu na Kibondo mwaka 2022, lakini kijiji kilicho mbali na nguzo kitahitaji sola, na betri nayo huchoka. Vile vishikwambi vya sensa ya 2022 waligawiwa walimu. Ni mali ya serikali, anayeviona vikiuzwa mtaani asivishike.

Wateja wa uhakika zaidi ni vikundi vya kuweka na kukopa, kwa kuwa vina daftari ambalo wanachama wana sababu ya kutaka kulisoma. Anayewakopesha apange marejesho yafuate mavuno, si mwisho wa mwezi, na asitarajie darasa kujaa msimu wa kupanda.