Stelingi Hafi? Kweli na Uongo wa Kibanda cha Video

Osiri ya wachimba dhahabu, kule Nyatike, Migori, na fuo za wavuvi za Homa Bay zina chuo kimoja cha sinema: kibanda cha video. Kuta za mabati, mabenchi, skrini moja, na spika kubwa kuliko skrini. Ubishi wa humo ni mtamu, na baadhi ya yanayosemwa ni kweli. Lakini mengine ni uongo mtupu, na uongo huo unatunyima sinema na gemu nzuri zilizotengenezwa na majirani zetu.

"Stelingi hafi."

Si kweli. Kwamba stelingi, yaani shujaa wa sinema, hafi ndiyo sheria ya kwanza anayojifunza mtoto kibandani, na ndiyo ya kwanza kuvunjwa na sinema bora za kwetu. Chukua Who Killed Captain Alex?, iliyopigwa mwaka 2010 katika mtaa wa Wakaliga, Kampala. Kamanda anayewinda genge la Tiger Mafia anauawa, hadithi inasonga mbele bila yeye, na hadi mwisho hatuambiwi nani kamuua. Mwongozaji, Isaac Nabwana, amesema bajeti yake haikufika dola 200. Bunduki ni vyuma chakavu vilivyochomelewa. Damu ni rangi nyekundu iliyojazwa ndani ya kondomu, ikipasuka kifuani mwa mwigizaji. Tazama mapigano yake ya kung fu kwa makini: vijana wale wanaruka na kuanguka kwa nidhamu ya watu waliofanya mazoezi miaka mingi. Wenyewe wameiweka YouTube, bure.

Kati Kati ya Mbithi Masya, ya mwaka 2016, inakwenda mbali zaidi: stelingi amekwisha kufa kabla sinema haijaanza. Kaleche anajikuta nyikani bila kukumbuka lolote, anaifikia loji moja, na wenyeji wa pale wanamweleza kwamba yeye ni marehemu kama wao. Kinachofuata ni hesabu ya dhambi na majuto, bila pepo wala moto. Wahakiki wa kimataifa waliituza Toronto mwaka huohuo. Halafu kuna Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018), ambamo Jo, msichana wa miaka tisa anayekaribia kufa, anataka kuwa shujaa wa sinema, na kijiji kizima kinaungana kumtengenezea sinema yake. Mwonyeshe mchimba migodi aliyemwacha mtoto nyumbani, kisha uone kama atamaliza macho yakiwa makavu.

"DJ anaharibu sinema."

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu lawama hii hutoka kwa watu waliosoma, nao husikilizwa.

DJ, yule anayekaa mbele ya skrini na kusimulia, hakuzuka jana. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri, Tanganyika, kulikuwa na mradi, ulioungwa mkono na serikali ya kikoloni, wa kuwatengenezea Waafrika filamu za mafunzo. Picha hazikuwa na sauti; maelezo yalirekodiwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, na lori likazungushwa Afrika Mashariki na Kati kuzionyesha. Sauti ile ilikuja kuamuru: lima hivi, safisha nyumba hivi. Walichofanya Lufufu kule Dar es Salaam, DJ Afro hapa Kenya na ma-VJ wa Uganda ni kuinyakua sauti hiyo na kumkabidhi mtazamaji. DJ Afro akilishika pambano la Kichina, hatafsiri neno kwa neno. Anawapa wahusika majina ya mtaani, anamwonya stelingi kuhusu adui aliye nyuma ya mlango, anamkaripia kwa kuchelewa kufyatua, na pale mazungumzo yanapozubaa anaingiza kisa chake mwenyewe. Mtu asiyejua Kiingereza wala Kichina anatoka amecheka na ameielewa hadithi. Hiyo ni kazi ya msanii. Nabwana alilijua hilo: Captain Alex inayozunguka duniani ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, na ukiitoa sauti hiyo umeitoa nusu ya sinema.

Lawama ina ukweli mahali pamoja tu. Kati Kati inaishi kwa ukimya. Ukiifunika kwa maneno umeiua, na DJ mwenye busara ataiacha ipumue.

"Sinema za Kenya zilianza na Nairobi Half Life."

Si kweli hata kidogo. Nairobi Half Life ni ya mwaka 2012. Sao Gamba alitoa Kolormask mwaka 1986, Anne Mungai akatoa Saikati mwaka 1992, kuhusu msichana wa Kimaasai anayekataa kuozwa, na Judy Kibinge akatoa Dangerous Affair mwaka 2002. Kizazi kizima hakijaziona, na hilo linaniuma.

"Lupita ni mtu wa Hollywood."

Ni kweli, lakini kabla ya Oscar ya mwaka 2014 alikuwa ameshaongoza filamu yake, In My Genes (2009), kuhusu Wakenya wanaoishi na ualbino. Wanaomshangilia kama binti wa Nyanza wangeanzia hapo.

"Sinema za miaka ijayo ni mambo ya Wazungu."

Si kweli. Pumzi ya Wanuri Kahiu ina dakika kama 20 tu, na ni ya mwaka 2009. Vita vya maji vimekwisha, juu ya ardhi hakuna kinachoota, na watu wanaishi ndani ya jumba lililofungwa. Wanakimbia kwenye mashine ili kuzalisha umeme, na jasho na mkojo wao husafishwa wakanywa tena. Asha anapata udongo wenye uhai, anaotesha mbegu, na anatoroka kwenda kuipanda nje. Mama wa Osiri anayeosha dhahabu kwa zebaki, kisha akatafuta maji safi ya kupikia, haitaji kuelezwa sinema hii inazungumzia nini. Kama ningeruhusiwa kuchagua moja tu ya kuonyeshwa kibandani, ningechagua hii.

"Gemu ni kamari tu."

Wazazi wa Migori wana sababu ya kusema hivyo. Wameziona mashine za sarafu za shilingi 20 zikimeza nauli na karo. Lakini mashine ile si gemu, na hata PS ya kucheza mpira si gemu zote. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, ambamo msichana anatafuta vitu vya kale vya Afrika. Mwaka 2015 Andrew Kaggia akatoa Nairobi X, majeshi kutoka anga za mbali yakiuvamia mji mkuu.

Ya kutafutwa zaidi ni Salaam. Lual Mayen wa Sudan Kusini alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza dola 300 kwa miaka mitatu amnunulie kompyuta, naye akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Akajifunza mwenyewe kutengeneza gemu. Mchezaji wa Salaam ni mkimbizi anayekimbia vita, na nguvu zikimwishia anahitaji maji, chakula na dawa. Mchezaji hampigi yeyote risasi. Mwanzoni Mayen aliisambaza kambini kutoka simu hadi simu, vilevile vijana wa Osiri wanavyorushiana nyimbo na sinema za DJ Afro jioni wakishatoka shimoni.