Ufunguo wa Banda la Moshi

Siku mbili tatu kabla ya Krismasi, katika nyumba nyingi za mashambani huko Virginia, kusini mwa Marekani, paja zima la nguruwe hutolewa kwenye mfuko wake wa kitambaa likiwa limevaa koti la kuvu. Asiyejua angelitupa. Mpishi wa huko hana wasiwasi: hulisugua kwa brashi na maji ya moto mpaka kuvu iishe, akalilaza ndani ya ndoo ya maji baridi usiku na mchana, akibadilisha maji mara kwa mara ili chumvi ipungue. Kisha hulitia kwenye sufuria kubwa na kulichemsha kwa moto mdogo, takriban dakika 20 kwa kila nusu kilo. Kwa paja la kilo saba, hiyo ni kazi ya karibu saa tano.

Likishaiva, ngozi huchunwa, likabaki tabaka jeupe la mafuta. Hapo ndipo urembo unapoanza. Mafuta huchanjwa mistari ya mshazari inayopishana, kila kijumba kikachomekwa punje ya karafuu, kisha paja lote likapakwa sukari ya kahawia iliyokorogwa na haradali. Wako wanaotumia asali, wako wanaomimina Coca-Cola. Vipande vya mviringo vya nanasi la kopo viliingia katika karne ya 20, mananasi ya Hawaii yalipojaa madukani. Paja huingia katika oveni kwa nusu saa tu, kwa sababu sukari ikikaa zaidi ya hapo huungua ikawa chungu. Likitoka huwa linang'aa kama mbao iliyopigwa vanishi, na nyumba nzima inanukia karafuu.

Lakini nusu saa hiyo ya mwisho inafunga kazi ya karibu mwaka mzima.

Kabla ya umeme na majokofu, nguruwe alichinjwa Desemba, baridi ilipokaza, ili chumvi iwahi kupenya hadi kwenye mfupa kabla uozo haujaingia. Mapaja yalifunikwa kwa chumvi wiki kadhaa, yakaoshwa, yakaning'inizwa kwenye banda lisilo na madirisha, na chini yake magogo ya mti wa hikori yakafuka moshi bila kuruhusiwa kuwaka. Yaliyobaki kuning'inia hadi kiangazi yalipitia joto lililoyafanya yatoe jasho, yasinyae na kukolea ladha. Hata leo kanuni za serikali ya Marekani zinataka paja la aina hii lipoteze walau asilimia 18 ya uzito wake ndipo liuzwe kwa jina la paja la mashambani. Kalenda hiyo ndiyo iliyolifanya kuwa chakula cha Pasaka pia: nyama iliyotiwa chumvi Desemba huwa tayari kuliwa baridi inapoondoka.

Mji wa Smithfield, Virginia, ndio uliovuma kuliko yote. Mwaka 1926 bunge la jimbo lilipitisha sheria kwamba paja haliwezi kuitwa la Smithfield ila liwe limekaushwa ndani ya mipaka ya mji huo, tena litokane na nguruwe aliyelishwa karanga katika ukanda wa karanga wa Virginia au North Carolina. Sharti la karanga liliondolewa baadaye. Karanga zenyewe ni zao la Amerika Kusini, lakini watu wa kusini mwa Marekani walizipa jina lenye mzizi wa Kikongo, nguba, lililofika huko kwa vinywa vya watumwa.

Watumwa hao ndio waliochinja, wakatia chumvi, wakakesha na moto wa banda. Paja lenyewe kwa kawaida hawakulila. Banda la moshi lilifungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikaa kwa bwana au bibi wa nyumba kubwa. Mapaja yalikwenda kwenye meza yake na sokoni; kwenye vibanda vya watumwa zilikwenda kwato, masikio, matumbo na mgawo wa nyama ya chumvi na unga wa mahindi. Karafuu nayo ina kurasa kama hizo, upande wetu. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakawa wageni wa kila mara wa bandari ya Unguja, wakichukua pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba wakati huo yalilimwa kwa mikono ya watumwa.

Kwa hiyo utumwa ulipokomeshwa Marekani mwaka 1865, kuwa na banda la moshi lako mwenyewe, na ufunguo wake mfukoni mwako, lilikuwa jambo kubwa. Ushahidi mzuri uko katika maandishi ya Edna Lewis, aliyezaliwa mwaka 1916 Freetown, kijiji cha Virginia kilichoanzishwa na watu waliotoka utumwani, babu yake akiwa mmojawapo. Lewis alikuja kuwa mpishi maarufu mjini New York, na mwaka 1976 alichapisha The Taste of Country Cooking, kitabu kinachofuata majira ya mwaka ya kijiji hicho. Siku ya kuchinja nguruwe inaonekana humo kama kazi ya ujima: majirani wanasaidiana, wanawake wanayeyusha mafuta na kusaga soseji. Agosti, katika wiki ya mikutano ya kanisa, waliohamia miji ya mbali walirudi nyumbani, na paja la nguruwe likawekwa mezani pamoja na kuku wa kukaanga na pai za viazi vitamu. Mwaka 2014 posta ya Marekani ilitoa stempu yenye sura yake.

Watu wengi sasa hununua paja la mjini: limedungwa maji ya chumvi, limefukizwa na kupikwa kiwandani, la kupashwa moto tu. Mwaka 1957 Harry Hoenselaar alifungua duka mjini Detroit akitumia mashine aliyoibuni ya kukata paja kwa mzunguko, likabaki limeshikana kwenye mfupa huku kila kipande kikijitenga kwa urahisi. Ni nyama laini na tamu, na sukari yake hung'aa vilevile. Hata hivyo haina ule ukali wa chumvi, moshi na umri unaomfanya mlaji atosheke na kipande chembamba kama karatasi ndani ya kimkate cha moto.

Siyo meza zote za Wamarekani weusi zina nyama hii. Waliosilimu wameiacha, na wengine wameiacha kwa ajili ya afya. Katika familia nyingi bata mzinga aliyefukizwa ndiye anayetia ladha ya moshi kwenye sufuria ya majani yale yale ambayo Nairobi huitwa sukuma wiki.

Penye paja, mfupa hautupwi. Hufichwa kwenye jokofu kuanzia Krismasi, mwenye nyumba akiulinda dhidi ya mikono ya wageni, mpaka tarehe 1 Januari. Asubuhi hiyo hutumbukizwa kwenye sufuria ya kunde, zao lililovuka bahari kutoka Afrika, zikachemka nao hadi mchuzi uwe mzito na masalia ya nyama yaachie mfupa yenyewe.