Mkanda wa Shangazi

Mgeni katika nchi yetu ya Kivu ya Kaskazini hapokelewi kwa maneno matupu; hupokelewa kwa sinia. Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwetu Butembo mwezi wa Julai mwaka 2019, shangazi yangu alipofika kutoka Ubelgiji baada ya miaka tisa. Alikuja kwa ndege mpaka Entebbe, akavuka Uganda kwa gari hata Kasindi, akanawa mikono na kupimwa homa mpakani kama watu wote wa siku zile, akafika kwetu jioni na vumbi la njia nzima kichwani. Mama alikuwa amepika tangu alfajiri: ugali wa muhogo, sombe, maharagwe, viazi vya Lubero, nyama ya mbuzi, na kuku mzima aliyewekwa kando kwa ajili ya wifi yake peke yake.

Tulimkumbuka shangazi kuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko cha kujaza nyumba. Kicheko kilikuwa kile kile, lakini mwili ulikuwa kama nusu ya ule wa zamani. Ninyi wasomaji mwajua mambo ya mji wetu. Mfanyabiashara aliyefanikiwa yampasa aonyeshe mafanikio yake shavuni, na anayekonda huulizwa ugonjwa wake hata kabla ya kuulizwa habari. Jirani mmoja aliyekuja kusalimu aliniuliza kwa sauti ya chini, penye mlango, kama shangazi yangu amekuja kutuaga.

Alikula matonge matatu, akasimama, akazunguka nyuma ya nyumba. Tulimsikia akitapika. Aliporudi amejipangusa uso, mama alikuwa ameketi na mikono magotini.

“Wifi,” akasema mama, “chakula changu kimekuwa kichungu?”

“Sivyo, wifi yangu. Ni uchovu wa safari.”

Basi mama akampakulia tena. Naye shangazi, kwa kuogopa kumwaibisha, akala. Siku ya pili ikawa hivyo, na siku ya tatu vivyo hivyo. Sisi twaita jambo hilo ukarimu, na ni ukarimu kweli. Walakini kila sahani tuliyomsukumia ilikuwa ikimdhuru, naye hakututajia sababu.

Yafaa sasa nieleze sababu hiyo, ijapokuwa sisi wakati ule hatukuijua. Tumboni mwake mlikuwa na mkanda. Ni pete ya silikoni, kitu laini kama mpira kisichooza mwilini, ambayo daktari mpasuaji huifunga kuuzunguka mfuko wa tumbo upande wa juu kabisa, karibu na mahali umio unapoingilia. Hakuna kinachokatwa wala kuondolewa. Juu ya pete panabaki kifuko kidogo, ambacho hakizidi kikombe kidogo cha kahawa. Chakula hukijaza upesi, kisha hushuka polepole katika njia nyembamba, na mtu hushiba kwa matonge machache. Ndani ya pete mna nafasi ya maji. Kijiriji chembamba cha mpira hutoka hapo hadi kwenye kidude kilicho kama kifungo kikubwa cha koti, kilichoshonwa chini ya ngozi ya tumbo. Daktari akitaka kuikaza pete, huchoma sindano katika kifungo hicho na kutia maji ya chumvi. Akitaka kuilegeza, huyavuta maji hayo. Mkanda waweza kulegezwa kwa dakika chache, maadamu yupo mtu ajuaye kuwa upo.

Pete ya namna hii, inayokazwa na kulegezwa, ilitangazwa mwaka 1986 na Lubomyr Kuzmak, mtu wa asili ya Ukraine aliyefanya kazi ya upasuaji Marekani. Lakini aliyeufunga mkanda huo kwanza pasipo kupasua tumbo zima, akipitisha vyombo na kamera katika matundu madogo, ni mwana wa Afrika ya Mashariki: Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia, aliyechunga mifugo utotoni mwake. Aliifanya kazi hiyo mwezi wa Septemba mwaka 1993 katika mji mdogo wa Huy, nchini Ubelgiji. Huwa nawasimulia habari hii wanafunzi wangu, hasa wale wanaofika darasani wakinukia mbuzi. Mwaka 2001 serikali ya Marekani iliukubali mkanda utumike huko, na watu wengi sana duniani wakafungwa. Siku hizi madaktari wengi wameuacha, wanapendelea kupunguza mfuko wa tumbo wenyewe kwa kuukata, kwa kuwa wengi waliofungwa mkanda walirudi baada ya miaka kuomba uondolewe.

Mtu asidhani kwamba hufungwa kwa ajili ya urembo. Kanuni iliyofuatwa muda mrefu ni kwamba mtu awe na unene wa kudhuru: kwa mfano, mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 102 au zaidi, au pungufu ya hapo ikiwa tayari ana kisukari au shinikizo la damu. Shangazi alikuwa na vyote viwili. Alipofungwa, sukari ilishuka, akapunguziwa dawa, akaweza kupanda ngazi za nyumba yake pasipo kupumzika katikati. Mkanda ulimsaidia, nami sitausingizia. Ila alikuwa ameambiwa pia masharti yake, na masharti hayo hayakuwa na nafasi mezani petu: kukata tonge dogo, kutafuna mpaka liwe uji, kungoja kabla ya tonge la pili, kutokunywa maji pamoja na chakula, kuacha vinywaji vyenye gesi, na kuacha kula mara tu kifua kinapoanza kubana. Vyakula vinavyonata na vyenye nyuzi ndivyo vinavyokwama zaidi. Sasa fikirini ugali wa muhogo, na nyama ya mbuzi mzee!

Siku ya nne alitaka kwenda Beni kumwona mama yake, nyanya yetu, nami nikamsindikiza pamoja na baba. Ni kilomita hamsini na kitu. Tangu asubuhi hakuweza kumeza hata chai. Njiani kulikuwa na kizuizi cha afya, ndoo za maji yenye klorini, na vijana waliowapima abiria joto la mwili. Gari liliposimama, shangazi alifungua mlango akatapika kando ya barabara, mbele ya watu wote.

Wasomaji wa Beni na Butembo hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo katika mwaka ule. Kwa walio mbali nitasema kwa kifupi. Ebola ilitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, na haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 wakafa. Mwezi wa Februari mwaka 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Mwezi wa Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Watu waliwaogopa wagonjwa, wakawaogopa na waganga. Abiria wenzetu walishuka garini wote kwa pamoja, wala hakuna aliyerudi kuketi mpaka tulipoondolewa.

Vijana wale walifanya kazi yao kwa heshima, siwezi kuwalaumu. Shangazi hakuwa na homa, lakini alikuwa anatapika, na alikuwa dhaifu. Akapelekwa katika kituo cha Beni apimwe damu. Wakati ule Beni mlikuwa na vyumba vya plastiki angavu, ambavyo mgonjwa huonekana ndani yake, na jamaa zake waweza kusema naye kutoka nje. Katika chumba cha namna hiyo alilazwa. Nyanya aliletwa, akaketi upande wa pili wa plastiki, akalia kimya kimya.

Daktari, kijana Mkongomani aliyevaa mavazi ya kujikinga mwili mzima, alimwuliza maswali yale yale: aligusa mgonjwa? alikwenda mazishini? Ndipo shangazi akatazama upande wetu, kisha akamtazama yeye.

“Daktari, nina kitu tumboni. Nimefungwa.”

Nyanya alisikia neno hilo moja tu. Kwetu, kufungwa tumbo si kazi ya hospitali. Akasimama, akapiga kelele: “Amekufunga nani, mwanangu? Taja jina lake!”

“Nilijifungisha mwenyewe, mama. Ulaya. Ni miaka mitano sasa.”

Baadaye nilimwuliza kwa nini hakutuambia tangu siku ya kwanza. Akanijibu kwamba alikwisha kusikia maneno ya watu kuhusu kukonda kwake, akaona haya kuongeza kwamba kukonda kwenyewe alikununua. Tena alihofu mama angefikiri anakidharau chakula chake. Aibu hizo mbili ndizo zilizomfikisha ndani ya plastiki.

Daktari yule alikuwa hajauona mkanda hata siku moja, ila alikuwa amesoma habari zake, naye hakujifanya kujua zaidi ya alichojua. Nampa sifa kwa hilo. Alimtundikia maji. Damu ilipimwa mara mbili, saa arobaini na nane katikati, na mara zote mbili Ebola haikuonekana. Siku hizo zilikuwa ndefu kuliko ninavyoweza kuandika. Shangazi hakuweza kumeza hata mate yake. Alikuwa akiyatema katika bakuli.

Alipotolewa humo alipelekwa kupigwa picha ya eksirei. Pete ilionekana dhahiri, lakini ilikuwa imelala vibaya. Kwa kutapika siku baada ya siku, sehemu ya mfuko wa tumbo ilikuwa imepanda na kupita ndani ya pete, ikabanwa. Hatari yake ni kwamba damu yaweza kukosa njia, na sehemu hiyo ikafa. Shangazi alikuwa na namba ya simu ya mpasuaji wake, nayo ikapatikana mara ya tatu. Maagizo yalikuwa mafupi: tafuta kifungo kwa vidole, safisha ngozi vizuri, ingiza sindano nyembamba wima mpaka iguse chini, vuta maji yote. Aliongeza kwamba kwa kawaida hutumika sindano maalumu, kwa sababu sindano ya kawaida yaweza kukitoboa kifungo kikavuja. Lakini saa ile uhai ulikuwa mbele ya kifungo. Kisha akauliza kama mgonjwa amepewa vitamini B1. Hakuwa amepewa. Mtu aliyetapika siku nyingi hupungukiwa na vitamini hiyo, na akitiwa maji ya sukari pasipo kupewa hiyo kwanza, ubongo na neva zake zaweza kudhurika upesi. Ikatafutwa katika duka la dawa, ikapatikana.

Yakavutwa mililita 7 za maji. Niliona bomba la sindano kwa macho yangu: kijiko kimoja na nusu cha chai, basi. Baada ya nusu saa shangazi akapewa maji kwa kijiko. Akameza, akangoja, akaweka mkono kifuani. Yakashuka.

Alikaa wiki mbili akinywa uji mwepesi na mchuzi uliochujwa, kisha akarudi Ubelgiji, na huko mkanda ukaondolewa. Hakupata shida nyingine, ijapokuwa zipo: mkanda waweza kula ukuta wa tumbo na kuingia ndani, kijiriji chaweza kutoboka, kifungo chaweza kuoza kwa vijidudu, umio waweza kutanuka kwa kubeba mzigo usio wake.

Naandika haya kwa kuwa jamaa zetu wanaoishi Ulaya, Nairobi au nchi za Ghuba wanarudi likizo, na baadhi yao wana mkanda. Mwenye nao na abebe barua ya daktari wake, yenye jina la mkanda, kiasi cha maji kilichomo, na namba ya simu, tena amwonyeshe walau mtu mmoja wa nyumba anayofikia. Asimeze vidonge vikubwa, wala aspirini na ibuprofeni bila idhini. Mama mjamzito mwenye mkanda amwone daktari mapema, kwa maana huenda ukahitaji kulegezwa. Naye anayetapika mfululizo, au asiyeweza kumeza mate, au mwenye maumivu makali ya tumbo, asingoje kesho. Ninyi wenye nyumba, mgeni akisema ametosheka, ondoeni sinia.

Shangazi alikuja tena mwaka 2022. Alikuwa amerudisha kilo kadhaa, naye alituambia wazi kwamba vita vyake na uzito bado havijakwisha, na kwamba dawa za sukari amezirudia kidogo. Mama alimpokea mlangoni, akamkalisha, akamwekea mbele kisahani cha kikombe cha chai: juu yake kijiko cha sombe, nusu ya kiazi kilichopondwa, na kipande cha samaki kisichozidi kidole gumba.

Shangazi akakitazama, akacheka kile kicheko chake cha zamani.

“Wifi, mkanda waliutoa. Niongeze kidogo.”

Mama akamtazama usoni muda mrefu, kama apimaye ukweli wa maneno yake, kisha akaongeza kijiko kimoja.