Bwana Yesu Alimgusa Mwenye Ukoma

Katika Marko 1 tunasoma kwamba Bwana Yesu alinyosha mkono, akamgusa mwenye ukoma, naye akatakasika. Wakristo wengine husema: Basi, mwenye imani asiogope kumshika mgonjwa ye yote.

Ndugu msomaji, soma habari hii mpaka mwisho. Yesu alimtuma mtu huyo kwa kuhani, atazamwe kama Musa alivyoagiza. Na Walawi 14 yamwagiza aliyepona afue nguo, aoge, akae siku saba nje ya hema yake.

Hapa Goma ugonjwa wa Ebola ulifika Julai 2019. Tangu Agosti 2018 hata Juni 2020 uliua watu zaidi ya 2,200, hasa Kivu Kaskazini na Ituri. Huambukiza kwa damu, matapishi na kuhara kwa mgonjwa, na kwa maiti pia.

Je, upendo umekatazwa? Sivyo. Huko Beni na Butembo, watu waliopona waliwalea watoto wachanga ambao mama zao walilazwa, kwa sababu miili yao ilikuwa na kinga.

Basi, shika mambo mawili. Mwenye dalili za Ebola, usimguse. Mwite mhudumu wa afya upesi. Aliyepona, mkaribishe mezani pako.