SOMO LA TISA: KITAFUNIO CHA KUJENGA MWILI

Kila mmoja na ashike daftari na kalamu, maana leo tutasoma na tutapiga hesabu pia.

Huenda miongoni mwenu yumo mpagazi wa Mlima Meru. Mlima huu unapita mita 4,500, na wapandaji huanzia lango la Momella. Wageni wengi huchukua kitafunio kilichofungwa katika karatasi ya kung'aa, umbo lake kama mche mdogo wa sabuni. Hicho ni kipande cha protini. Siku hizi huuzwa hata katika maduka makubwa ya mjini Arusha. Je, nasi tukinunue, au pesa hiyo tuipeleke soko la Kilombero? Hilo ndilo swali la leo.

Protini ni nini? Ni sehemu ya chakula ijengayo mwili. Misuli, ngozi, nywele na damu, vyote vyaihitaji. Mtoto hukua kwayo, na mtu mzima hutengeneza kwayo sehemu za mwili zilizochakaa. Mtu mzima mwenye afya ahitaji kama gramu 0.8 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Basi mwenye kilo 60 ahitaji kama gramu 48. Mama mjamzito na mama anyonyeshaye huhitaji zaidi.

Sasa mfikirie mtu abebaye magunia sokoni tangu alfajiri. Saa nne anakunywa chai ya rangi na maandazi mawili. Tumbo limejaa, na nguvu amepata, kwa kuwa unga, sukari na mafuta hutia nguvu. Lakini cha kujenga mwili amepata kidogo. Siku moja si neno. Akila hivyo mwaka mzima, yeye na watoto wake, mwili utadai deni lake.

SOMA KABLA YA KULIPA

Hapa ndipo kusoma kwako kunapokupa faida. Geuza kile kipande nyuma. Utaona orodha ya maneno na tarakimu. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Tafuta neno lenye herufi hizi: p-r-o-t-e-i-n. Hiyo ndiyo protini. Mbele yake pana tarakimu na herufi g, yaani gramu. Kisha tafuta s-u-g-a-r-s. Hiyo ni sukari.

Angalia sana: tarakimu ile ni ya kipande kizima, au ni ya gramu 100? Vipande vingi havifiki gramu 100, kwa hiyo utakachokula ni pungufu ya kilichoandikwa. Kipande chenye gramu 15 au 20 za protini kinastahili jina lake. Chenye gramu 4 tu, na sukari nyingi kuliko protini, ni peremende, hata kikiwa na picha ya shujaa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwisho, soma tarehe ya mwisho wa kutumika.

TUPIGE HESABU

Tuseme kipande chenye gramu 20 za protini chauzwa shilingi 5,000. Gawanya 5,000 kwa 20. Gramu moja ya protini ni shilingi 250. Tuseme yai la kuchemsha ni shilingi 500. Yai moja lina kama gramu 6. Gawanya 500 kwa 6, utapata kama shilingi 83. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe weka bei za mtaani kwako, kisha ugawanye.

VITAFUNIO VYA KWETU

Karanga: gramu 30, yaani konzi moja hivi, zina kama gramu 7 za protini. Lakini chagua. Karanga zilizokunjamana, zenye ukungu au zilizo chungu, tupa, maana huenda zina sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kukaanga hakuiondoi yote. Tena usimpe mtoto mdogo karanga nzima, zisije zikampalia. Zitwange.

Maziwa au mtindi: kikombe cha mililita 250 kina kama gramu 8. Maziwa mabichi yachemshe kwanza, ndipo uyagandishe.

Dagaa: wakikauka, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Waoshe mchanga, wakaange, uwafunge uende nao kazini.

Makande: protini ya mahindi pekee ina upungufu, na maharage huujaza. Ndiyo sababu wawili hao wakichanganywa hufaa kuliko mmoja peke yake. Makande yaliyobaki jana, yakihifadhiwa vizuri na kupashwa moto hata yachemke, yashinda maandazi.

Je, kile kipande ni kibaya? La. Hakiozi upesi wala hakihitaji moto, kwa hiyo chafaa mlimani. Mgeni akikupa, pokea ule. Lakini usiwanyime watoto mayai ili ununue karatasi ya kung'aa. Karanga nazo hupanda mlima mfukoni.

MASWALI

1. Mtu wa kilo 50 ahitaji gramu ngapi za protini kwa siku?
2. Kwa nini tusome kama tarakimu ni ya kipande kizima au ya gramu 100?
3. Karanga mbaya utazitambuaje?
4. Andika kitafunio ulichokula leo. Je, kilijenga mwili, au kilijaza tumbo tu?

Wiki hii leta darasani karatasi moja ya kitafunio chochote. Tutaisoma pamoja. Kwa herini.