MUHURI WA WAKILI USIGONGWE KIHOLELA

Wafanyabiashara wenzangu wa Bariadi, Maswa na Lamadi, hii inatuhusu. Una mkataba wa fremu au kiwanja? Usisaini nyumbani halafu ukamtuma kijana apeleke kwa wakili. Nendeni wote na vitambulisho.

Wakili anatakiwa:
1. Awatambue nyie ni kina nani.
2. Awaone mkisaini mbele yake.
3. Aandike jina lake, mahali na tarehe ya siku hiyo hiyo, asaini, ndo agonge muhuri.

Kwa kiapo, mfano cha majina kutofautiana, mahali na tarehe ni lazima kisheria (Sura ya 12).

Mwenye fremu akiikana saini mahakamani, wakili ambaye hakuwaona atakusaidia nini? Kodi yako ya mwaka ndo imeenda hivyo.

Mtumie na mwenzako anayetafuta fremu.