Kati ya Maradhi na Njaa

Tarehe 6 Mei 2020, ndani ya Ramadhani, Serikali ya Kenya iliufunga Mji wa Kale, Mombasa, pamoja na Eastleigh, Nairobi, kwa sababu ya Korona. Masoko na mikahawa ikafungwa. Mchuuzi alaye leo kwa jasho la leo akafunga saumu asijue futari itatoka wapi.

Mitaa hiyo ilifunguliwa Juni. Julai ikafuata misikiti, kwa masharti: watu wasiozidi 100, saa moja tu, asiingie aliyepita miaka 58 wala aliye chini ya 13.

Wapo waliokitaja kisa cha Sayyidna Umar, aliyegeuza msafara aliposikia habari za tauni ya Sham. Ni hoja nzito. Ila msafiri ana pa kurudi. Mwenye meza ya mboga Marikiti hana.

Sisi tunaona kufungua kulikuwa haki, kwani njaa nayo huua. Lakini mzee aliyezuiliwa msikitini hakukingwa nyumbani: mjukuu aliyerejea sokoni alilala naye chumba kimoja, na riziki ikaingia kwa mlango ule ule wa maradhi. Nyumba kama hiyo ilihitaji posho ya wiki chache, ili kijana asilazimike kutoka mapema. Zakatul-fitri tuliitoa Mei, alhamdulillah. Julai, posho ilipohitajika hasa, wengi wetu tulikuwa tumekwisha kufunga mikoba.